Orodha za mitaa salama zinawapotosha wanaotafuta makazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu orodha ambazo gazeti lako huchapa za mitaa inayotamaniwa katika miji mikubwa ya dunia, ikipangwa kuanzia ulio salama kuliko yote hadi ulio hatari. Kazi yangu ni kuwatafutia makazi watu wanaohamishwa na waajiri wao kwenda kwenye miji wasiyoijua. Ni wahandisi, wauguzi, walimu, wahasibu, na wengi wao wanahama na watoto. Orodha hizo nazifahamu vizuri kwa sababu wananiletea. Wengine huzikata gazetini wakazipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na kabla hatujaanza kazi wameshanitajia mitaa ambayo hawataki hata kuisikia.

Siwalaumu. Anayehamisha familia hana nafasi ya kwanza kuishi mahali miaka miwili ndipo aamue kama panamfaa. Anataka namba imwongoze. Ninachosema ni kwamba namba anazopewa, kwa jinsi zinavyopangwa, hazijibu swali lake, na mara nyingi zinamwondoa kwenye nyumba ambayo ingemfaa zikampeleka kwenye isiyomfaa.

Swali la watu hawa ni lile lile siku zote: mwanangu atatembea salama hapa? Orodha inajibu swali jingine kabisa, yaani polisi waliandika makosa mangapi ndani ya mpaka fulani, ukiyagawa kwa idadi ya watu wanaolala ndani ya mpaka huo. Maswali haya mawili hayako karibu, na yanatengana zaidi katika mitaa ile ile inayotamaniwa.

Tazama Westminster, katikati ya London. Mhandisi mmoja alinikatalia nyumba nzuri huko, karibu na ofisi yake na karibu na shule. Aliniambia, "Dada, huko ndiko kunakoongoza kwa uhalifu London nzima, na mimi nina mabinti wawili." Kwa upande wa namba alikuwa sahihi. Lakini ndani ya mipaka ya Westminster kuna Oxford Street, Soho, Covent Garden, majengo ya Bunge, kumbi za michezo ya kuigiza na stesheni kubwa za treni. Wanaoingia na kutoka humo kwa siku moja ni wengi kuliko wanaolala humo. Mtalii akinyakuliwa simu mkononi na kibaka wa baiskeli ya umeme, kosa linaandikwa Westminster. Kibaka huenda ametoka upande mwingine wa jiji, mtalii kesho anapanda ndege kurudi kwao, lakini kwenye jedwali anayebebeshwa kosa lile ni mkazi, maana hesabu imegawanywa kwake. Mwaka 2024 polisi wa London waliripotiwa simu karibu 80,000 zilizoibwa, na katikati ya jiji ndiko kulikoumia zaidi. Hatari hiyo ipo, sikatai. Mabinti wa yule mhandisi wangehitaji kufundishwa kutoshika simu ukingoni mwa barabara. Ila wangehitaji kufundishwa hivyo hata wakiishi Richmond, pembeni mwa jiji, kwa sababu Jumamosi wangekuja Oxford Street kama wasichana wengine wote wa London.

Hapo jirani, upande wa mashariki, kuna City of London, eneo la mabenki. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi 8,600 tu, wakati wanaokwenda kufanya kazi huko ni zaidi ya nusu milioni. Ofisi ya takwimu ya Uingereza haitoi kiwango cha uhalifu kwa kila mkazi wa eneo hilo, kwa sababu wakazi ni wachache mno na namba itakayotoka haitakuwa na maana. Wenye takwimu zao wamejizuia. Wanaopanga orodha hawajizuii.

Paris ni hivyo hivyo. Wilaya ya kwanza ya jiji hilo ina wakazi kama 16,000, na ndani yake kuna jumba la makumbusho la Louvre, ambalo mwaka 2023 lilipokea wageni karibu milioni 8.9. Gawa pochi zote zinazochomolewa kwenye foleni ya Louvre kwa watu 16,000, kisha mwambie mama anayetafuta nyumba kwamba amefika kwenye mtaa wa majambazi. Wajapani wamelitazama jambo hili kwa makini zaidi. Sensa yao inatoa idadi mbili, ya wanaolala na ya wanaokuwapo mchana. Kata ya Chiyoda, katikati ya Tokyo, mwaka 2015 ilikuwa na wakazi kama 58,000, na mchana watu zaidi ya 850,000. Ukiwa na namba zote mbili, huwezi tena kujifanya hujui ni nani anayeibiwa.

Nitaeleza kwa mfano wa kubuni, kwa sababu nimeona wateja wangu wanaelewa haraka wakishika kalamu wenyewe. Mtaa wa kwanza una wakazi 10,000, na kila siku wanaingia wageni 90,000. Kwa mwaka mmoja wanaibiwa watu 1,000. Mtaa wa pili una wakazi 50,000, hauna wageni, na wanaibiwa watu 1,500. Jedwali litasema mtaa wa kwanza una wizi 100 kwa kila wakazi 1,000, na wa pili 30. Kwa hiyo wa kwanza ni hatari mara tatu na zaidi. Sasa gawa kwa watu waliokuwapo hasa. Mtaa wa kwanza unashuka hadi 10, wa pili unabaki na 30. Mpangilio umepinduka, na hakuna mwizi hata mmoja aliyeongezeka wala kupungua.

Kila kosa lina kigawanyo chake. Uvunjaji wa nyumba ugawanywe kwa nyumba. Wizi wa magari ugawanywe kwa magari yanayolala hapo. Uporaji wa barabarani ugawanywe kwa watu wanaopita. Anayehamia mtaa na familia yake anapaswa kuanza na uvunjaji wa nyumba na uporaji wa usiku. Wizi wa madukani, ambao hujaza namba za mitaa yenye maduka mengi, haumhusu isipokuwa awe mwenye duka.

Jumla moja ya makosa yote nayo ni tatizo. Kioo cha gari kilichovunjwa kinahesabiwa kosa moja, na mtu aliyeuawa anahesabiwa kosa moja. San Francisco imebeba jina baya kwa miaka mingi kwa sababu ya magari yanayovunjwa vioo, hasa pale wageni wanapoegesha magari ya kukodi yenye mabegi ndani, kama Fisherman's Wharf na Alamo Square. Mwaka 2024 jiji hilo hilo lilikuwa na mauaji 35, idadi ndogo kuliko zilizozoeleka kwa miongo kadhaa. Mteja aliyeniambia hawezi kupeleka mtoto wake "mahali pa mauaji" alikuwa akisoma, bila kujua, habari za vioo vya magari. Kanada tangu mwaka 2009 wana fahirisi, yaani kipimo cha jumla, kinachoweka uzito kwa kila kosa kwa kufuata adhabu ambazo mahakama hutoa, ili wizi mdogo usilingane na mauaji. Sisemi fahirisi ile imemaliza kila kitu, lakini angalau imekubali kwamba makosa hayalingani.

Kisha kuna suala la mpaka, ambalo wasomaji wengi hawaambiwi kabisa. Jiji la St. Louis nchini Marekani lilijitenga na kaunti yake mwaka 1876, na mpaka ukabaki pale pale hadi leo. Sensa ya 2020 ililikuta na watu kama 301,000, huku eneo zima la mji, pamoja na vitongoji vyake, likiwa na watu karibu milioni 2.8. Vitongoji tulivu vyenye bustani viko nje ya mstari, kwa hiyo havihesabiwi. Jacksonville, Florida, walifanya kinyume. Mwaka 1968 waliunganisha jiji na kaunti, vitongoji vikaingia ndani ya hesabu. Ukiweka majiji haya mawili kwenye jedwali moja, sehemu ya tofauti unayoiona imechorwa na wanasiasa wa karne ya 19 na wa miaka ya 1960. St. Louis ina shida kubwa ya mauaji, na familia zilizofiwa hazifarijiki kwa maelezo ya mipaka. Lakini anayehamia huko hatakaa kwenye wastani wa jiji, atakaa kwenye mtaa mmoja, na wastani haumwambii chochote juu ya mtaa huo.

FBI, ambao ndio wanaokusanya takwimu za polisi wa Marekani, wamewaonya wasomaji kwa miaka mingi wasizitumie kupanga miji kwa namba za kwanza na za mwisho. Mwaka 2007 jumuiya ya wataalamu wa uhalifu wa Marekani ilipitisha azimio la kupinga orodha za namna hiyo. Mwaka 2021 mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu mfumo wa kukusanya takwimu ulibadilishwa na polisi wa New York na wa Los Angeles hawakuwasilisha namba zao kwa utaratibu mpya. Majiji mawili makubwa kuliko yote nchini yakakosekana. Orodha bado zilitoka.

Hata pale namba zinapowasilishwa, tuulize zimefikaje kwenye daftari. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales waligundua kwamba karibu kosa moja kati ya kila matano yaliyoripotiwa na wananchi halikuandikwa. Mwaka huo huo takwimu za polisi zilinyang'anywa muhuri wa kuwa takwimu rasmi za taifa. Na hapo tunasema yale yaliyoripotiwa. Mwenye bima ya baiskeli anaripoti baiskeli ikiibwa, kwa sababu kampuni ya bima inadai namba ya kesi. Asiye na bima anaona hana cha kufuata kituoni. Mhamiaji asiye na karatasi akiporwa mshahara wote, anajiuliza kwanza kama polisi watamwuliza juu ya mwizi au juu ya kibali chake, kisha anakwenda kulala. Hivyo mtaa wa wenye uwezo unaweza kuonekana na wizi mwingi wa baiskeli, na mtaa wa wanyonge ukaonekana mtulivu, wakati ukweli uko kinyume.

Sheria nazo hazifanani. California tangu 2014 iliweka kwamba wizi wa mali isiyozidi dola 950 kwa kawaida ni kosa dogo. Hispania mstari uko kwenye euro 400, na ndiyo maana wachomoaji wa mifukoni wa Barcelona wanajua vizuri thamani ya wanachochukua. Gazeti likiandika "makosa makubwa ya wizi" kwa sehemu zote mbili, halijapima kitu kimoja.

Kwa ajili ya matatizo hayo ndiyo maana watafiti wanaolinganisha nchi na majiji huegemea mauaji. Mwili haufichiki kirahisi, na maana ya kuua haitofautiani sana kutoka nchi moja hadi nyingine. New York ilikuwa na mauaji 2,245 mwaka 1990, na 292 mwaka 2017. Mabadiliko makubwa kama hayo hayawezi kuwa ujanja wa madaftari. Chicago, ambayo wakazi wake hawafiki theluthi ya wale wa New York, imekuwa mara nyingi na mauaji mengi kuliko New York katika miaka ya karibuni. Hiyo ni habari ya kweli na nzito. Lakini ukishuka hadi ngazi ya mtaa, kipimo hiki kizuri kinavunjika. Chicago imegawanywa katika maeneo 77, na mengi ya yale yanayotamaniwa, kama Lincoln Park, huwa na mauaji machache sana kwa mwaka. Yakitoka moja hadi mawili, mwandishi anaweza kuandika kwamba yameongezeka maradufu, na hatakuwa amedanganya kwa hesabu. Atakuwa amewatisha watu bure.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye kalamu nyekundu alijue. Uhalifu haukai kwenye mtaa mzima. Unakaa kwenye kona. Mwaka 1989 watafiti walichapisha uchunguzi wa simu zilizopigwa kwa polisi wa Minneapolis, nchini Marekani, wakakuta kwamba kama asilimia 3 tu ya anwani na makutano ya barabara za jiji zilitoa nusu ya simu zote. Uporaji wote wa jiji zima ulitoka kwenye asilimia 2.2 ya mahali. Wengine wakaja kulitazama jiji la Seattle, huko huko Marekani, kipande kimoja kimoja cha barabara, kuanzia 1989 hadi 2002, miaka 14, nao wakakuta kwamba vipande vichache, kama asilimia 4 hadi 5, vilibeba nusu ya matukio, mwaka hata mwaka, na vingi vilikuwa ni vile vile. Majiji mengi yamechunguzwa tangu hapo, na picha inarudi ile ile.

Fikiria maana yake kwa mtu anayetafuta nyumba. Katika mtaa wenye jina baya kabisa, barabara nyingi zina watu wanaoamka, wanaosindikiza watoto shule, wanaorudi kazini, na mwaka unaisha bila polisi kuitwa. Katika mtaa wenye jina zuri kabisa kuna kituo kimoja cha treni, au baa moja, au eneo moja la kuegesha magari, ambapo kila wiki kuna kesi. Ukichagua kwa jina la mtaa, unaweza kulipa kodi kubwa ukaishi hatua hamsini kutoka kwenye baa ile. Na kule ulikokukataa, familia nyingine inaishi kwa amani na kuweka akiba.

Nimeliona hili kazini. Uingereza tangu mwaka 2011 kuna ramani ya polisi mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuona makosa ya kila mwezi hadi ngazi ya barabara. Ni chombo kizuri, nami nakitumia kila siku. Lakini kwa kulinda siri za waathirika, kila kosa husogezwa hadi kwenye nukta ya karibu iliyopangwa mapema, nukta ambayo kwa kawaida inawakilisha anwani zisizopungua nane. Ramani inaandika "kwenye barabara fulani au karibu nayo". Mama mmoja, muuguzi, alikataa nyumba kwa sababu nukta yenye namba kubwa ilikuwa imekaa mbele ya mlango wake hasa. Tulifungua orodha ya makosa yenyewe, moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuwa wizi wa dukani, kutoka kwenye duka kubwa lililo nyuma ya jengo lile. Kwenye barabara ya nyumba, uvunjaji wa nyumba haukuwapo. Nilimwambia, "Mama, hawa ni watu wanaoiba nyama kwenye friji za duka, hawaji kwako." Aliipanga ile nyumba. Nimewafanyia kazi hii wengi, lakini kwa kila mmoja anayenisikiliza wapo ambao walishaamua kabla ya kunipigia simu, na wameamulishwa na kurasa za magazeti.

Upo upande mwingine ambao orodha hazigusi kabisa, na unaniuma zaidi ya huo wa hesabu. Mtaa unaweza kuwa salama kwa nani? Johannesburg kuna Sandton, mahali pa majengo ya kioo na nyumba zenye kuta ndefu, nyaya za umeme juu yake na mlinzi langoni. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Alexandra, ambako wengi wa wanaofanya kazi Sandton wanalala. Afrika Kusini ina walinzi wa kampuni binafsi zaidi ya nusu milioni, wakati polisi wote wa nchi hawafiki laki mbili. Kwa hiyo usalama wa mtaa unaotamaniwa kwa kiasi kikubwa ni kitu kinachonunuliwa mwisho wa mwezi. Mfanyakazi wa ndani anayemaliza zamu giza likiingia anatembea hadi kituo cha gari, akiwa na mshahara mfukoni. Akiporwa baada ya kuvuka barabara kuu, kesi yake inaandikwa kituo kingine cha polisi, na mtaa wa mwajiri wake unabaki na rangi ya kijani kwenye ramani. Wateja wangu wengi wataajiri mtu wa kuwasaidia kulea watoto. Nawauliza kama wamefikiria njia ya mtu huyo ya kurudi nyumbani. Ni wachache waliowahi kuifikiria, na si kwa ubaya wa roho, ni kwamba hakuna jedwali lililowauliza.

Na ndani ya kuta zile je? Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana karibu 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au watu wa familia zao, wastani wa 140 kwa siku. Kwa mwanamke, mahali pa hatari zaidi si uchochoro wa mtaa usioufahamu. Mara nyingi ni sebule yake. Ukuta mrefu unaomzuia mwizi asiingie unawazuia pia majirani wasisikie. Nimewahi kumhamisha mama na watoto wake usiku kutoka kwenye nyumba iliyokuwa katika mtaa wa kwanza kwenye orodha za jiji lile. Hakuna aliyewahi kuripoti kitu pale. Kwa takwimu, barabara ile ilikuwa haina kosa.

Nitaje pia Kensington na Chelsea, London, ambako nyumba ni ghali kuliko karibu kote Uingereza. Usiku wa Juni 14, 2017, jengo la Grenfell liliungua ndani ya mipaka ya eneo hilo, watu 72 wakafa. Wakazi walikuwa wameonya kabla kuhusu hatari ya moto. Tume iliyochunguza ilimaliza kazi mwaka 2024, na mwenyekiti wake akasema vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Jedwali la uhalifu la mwaka uliotangulia lisingeonyesha chochote. Anayeniuliza kama jengo ni salama namjibu kwa kuuliza kuhusu ngazi za dharura, ving'ora vya moto na kilichobandikwa kwenye kuta za nje, kabla hatujafika kwa wezi. Vivyo hivyo barabara mtoto atakazovuka. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ilimaliza mwaka 2019 bila mtembea kwa miguu hata mmoja kuuawa barabarani, na kilichofanya hivyo kinaeleweka, mwendo wa magari ulipunguzwa mitaani. Mzazi anayelinganisha miji kwa ajili ya mtoto wa miaka minane angefaidika zaidi na habari hiyo kuliko na wizi wa pochi.

Ndugu Mhariri, siombi muache kuandika juu ya uhalifu. Watu wana haki ya kujua wanakokwenda, na kuficha kungekuwa vibaya zaidi. Naomba mnapochapa ulinganisho wa mitaa, muandike pembeni hesabu imegawanywa kwa nani, wanaolala au wanaokuwapo. Uvunjaji wa nyumba na uporaji wa barabarani viwe na safu zao, visichanganywe na wizi wa madukani. Andikeni mwaka wa takwimu na nani kakosekana. Msipange namba moja hadi kumi pale ambapo tofauti kati ya wa nne na wa saba ni matukio machache yanayoweza kugeuka mwaka ujao. Na mwandishi aende huko, kama gazeti lina mtu katika jiji hilo, akae kituo cha basi cha mtaa husika saa tatu usiku siku ya kazi, awaulize wanaoshuka wanatembeaje hadi nyumbani, hasa wanawake na wafanyakazi wa zamu. Hilo huwaambia wateja wangu mambo mengi kuliko ukurasa mzima wa namba, na ndilo ninalowaagiza wafanye kabla ya kutia saini mkataba. Waende mchana, warudi usiku, kwenye barabara ile ile watakayoishi, si mtaa kwa jumla.

Namna mnavyoandika ina uzito kwa watu ambao hawanunui gazeti ili kutafuta nyumba. Mtaa ukiandikwa hatari mara mbili tatu, mwenye duka anaondoka, basi linapunguza safari za usiku, taa zikiungua hazibadilishwi haraka, na anayeomba kazi anaanza kuficha anwani yake. Wenye barabara tulivu katika mtaa huo wanalipa kwa ajili ya kona moja isiyo yao. Wengine wao nimewapeleka huko mwenyewe, na wanaishi vizuri.

Kama nafasi ya kuchapa maelezo hayo haitoshi, naomba orodha yenyewe isichapwe mpaka nafasi ipatikane.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mtafuta makazi ya wanaohama